Khanga Niliyompelekea Aliyeninyonyesha

Mmeniuliza kwa zamu, mmoja kwenye simu, mwingine mlangoni, na wale wa kikundi chetu cha akina mama mmeniuliza wote kwa pamoja: ilikuwaje Mwalimu Hawa aende Saadani kuaga tu, kwenda na kurudi, halafu aonekane wiki nyingine kabisa, macho yamevimba na ndoo ya kamba wakavu mkononi? Basi naandika mara moja mpitishiane. Mama amekwisha kusikia kabla yenu, kwa hiyo hakuna anayesengenywa hapa. Kama yupo, ni mimi.

Mapinga

Mnanijua. Mtu akinikaribisha kiti nakitikisa kwanza. Mayai ya dukani nayatia kwenye maji moja moja, mwenye duka akinitazama. Mtu nisiyemjua akinisifia nguo najiuliza anataka nini. Sijivunii wala sioni haya, ndivyo nilivyo, na mpaka safari hii nilidhani ni akili yangu mwenyewe.

Kwa hiyo rafiki yangu tuliyesoma naye ualimu aliponipigia kutoka kisiwa cha Ngazija, akaniambia kuna nyumba ya watoto wadogo wasio na wazazi na wanatafuta mtu wa kujitolea kwa muda, swali langu la kwanza lilikuwa nani anafaidika. La pili lilikuwa kwa nini mimi. Niliuliza na kuuliza mpaka akachoka. "Hawa, ni watoto. Wanalia. Wanataka mtu wa kuwashika, basi."

Nikakubali, ila shaka haikuniisha, na sehemu ya shaka hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kutembea Mapinga kifua mbele. Naacha nyumba yangu, naacha watoto wangu wa chekechea, nakwenda kuwapa watoto wa watu nguvu zangu bure. Sikusema, lakini nilikuwa nasubiri mtu aniambie ahsante, na nilikuwa nakasirika kidogo kwamba hajatokea.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa Mama.

"Umekwisha kuaga watu?"

"Nimemaliza."

"Na Bi Tatu?"

Bi Tatu nilimjua kwa jina tu. Nilipokuwa mchanga Mama aliugua, akalazwa kwa muda mrefu, na baba yangu, ambaye wakati ule alikuwa akichukua samaki Saadani, akanipeleka huko kwa mwanamke aliyekuwa na maziwa. Hadithi iliishia hapo siku zote. Ukimwuliza Mama kilichofuata, anakumbuka kuwa ana kitu jikoni. Miaka yangu yote hii Bi Tatu hajakanyaga kwetu, na Mama hajakanyaga Saadani, na mimi sikuwahi kupelekwa hata siku moja. Watu hawaachani hivyo bila jambo.

"Huvuki bahari bila radhi ya aliyekunyonyesha," Mama alisema. "Yule ni mama yako kwa dini. Asipokuachia yeye, na mimi sikuachii."

"Basi twende wote."

"Mimi magoti yananiuma."

Magoti hayohayo Jumapili yake yalikuwa kwenye harusi ya jirani, na hayakukaa chini mpaka ngoma ilipofungwa. Nikajua natumwa mahali ambapo aliyenituma anaogopa kwenda. Alituma salamu kwa mtu wa Saadani aliyekuwa Bagamoyo, kwamba nakuja, na mimi nikafunga mkoba wangu.

Bagamoyo

Kwa mama aliyekunyonyesha huendi mikono mitupu. Nilishuka Bagamoyo asubuhi, nikaingia duka la khanga la Mama Nasrin, ambalo familia yao inaliendesha tangu babu zao walipokuja kutoka Uhindini.

"Karibu mwalimu. Unataka ya kuvaa au ya kupeleka?"

"Ya kupeleka."

"Ya nani? Niambie nikuchagulie jina."

Jina la khanga ni yale maneno yaliyopigwa chini ya maua yake, na mwanamke wa pwani yuko tayari kununua kitambaa kibovu kwa ajili ya jina zuri. Mama Nasrin anayajua majina ya duka lake lote kwa moyo. Lakini mimi niliposikia "ya nani" niliona mtego. Leo nikimwambia ni ya Bi Tatu wa Saadani, kufika adhuhuri Bagamoyo nzima inajua kwamba Mama ameomba suluhu.

"Ya mtu tu," nikamjibu. "Nipe yenye kitambaa kizuri."

"Mtu tu?"

"Mtu tu."

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. Aliziacha zote zilizotandazwa mezani, akapanda ngazi, akashusha doti moja ya buluu kutoka rafu ya juu kabisa. "Chukua hii mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Hii haijawahi kumwangusha mtu."

Hapohapo umeme ukakatika. Duka lile lina giza hata mchana, lakini mimi na vidole vyangu tunatosha. Nilitia mate kidole gumba nikasugua pindo nione kama rangi inatoka. Nikavuta nyuzi. Nikanusa. Mama Nasrin akacheka, "Mwalimu, unanunua khanga au unampekua mwizi?" Nikaona fahari. Ikafungwa kwenye karatasi vilevile ilivyokunjwa, na juu yake akanipa kashata ya nazi ya kula njiani, kwa bure. Nikaitia mkobani bila kuigusa. Kitu cha bure huwa kina ndugu zake nyuma.

Msata hadi Mandera

Kutoka Bagamoyo hadi Msata hakuna la kusimulia ila lami. Msata nikapata gari la kuelekea juu, tukavuka Wami ikiwa imejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na Mandera nikashuka kusubiri usafiri wa Saadani. Kusubiri kulikuwa kurefu. Mvua ilikuwa imenyesha bara na madereva walikuwa wanaulizana hali ya njia badala ya kuondoka.

Nilikaa kwenye banda la mama mmoja anayeuza chai na mihogo. Kwenye benchi la mbele yangu alikuwapo mwanaume mwenye kofia ya kijani, umri wa mdogo wangu hivi, anakula muhogo polepole kama mtu aliyetumwa kuumaliza jioni. Kila nikiinua macho, ananitazama. Nikahamia benchi jingine. Baada ya muda na yeye akahama, eti jua.

"Habari ya safari, dada yangu?"

Kila mwanaume barabarani huanza na dada yangu. "Nzuri."

"Unashukia wapi?"

"Miono," nilisema, kwa sababu ndilo jina lililokuwa limeandikwa kwenye kibao mbele yangu.

"Kwa nani pale Miono?"

"Nakwenda kikazi."

"Kazi gani?"

Kulikuwa na mananasi yamerundikwa chini. "Mananasi," nikasema. "Mimi ni bibi shamba."

Akatikisa kichwa kwa heshima, akaniagizia chai. Nilisubiri kwanza muuzaji amimine ya mtu mwingine kutoka birika lilelile, ndipo nikanywa. Niliona ameliona hilo. Akatabasamu, akaangalia pembeni.

Njia ya Saadani

Gari lililopatikana lilikuwa pikapu lenye mabenchi nyuma, na yule wa kofia akakaa mbele yangu. Hatujafika mbali akawatangazia abiria, kwa furaha kubwa, kwamba leo tumebahatika, tuna bibi shamba wa mananasi.

Jamani, msiseme uongo mbele ya wakulima. Mama mmoja aliniuliza kwa nini mananasi yake yanageuka njano kabla hayajakua. Nikamwambia atie majivu. Mzee mmoja akasema yake yanaliwa na wadudu mzizini. Majivu. Mwingine akasema yeye hutia majivu na hali ni ileile. Nikamwuliza majivu ya mti gani, akasema ya mkaa, nikamwambia basi ndiyo sababu. Watu wakaguna kwa kuridhika. Yule wa kofia alikuwa anasikiliza kila neno, mkono mdomoni.

Tulinasa kwenye tope. Tukashuka, tukasukuma, tukala mahindi ya kuchoma yaliyouzwa na mama mwenye busara aliyehamishia jiko lake palepale magari yanaponasa. Tulipofika Miono gari likasimama. Watu wote wakanitazama.

"Bibi shamba, Miono hii."

"Nimebadilisha," nikasema. "Naanzia Mkange."

Mkange gari likasimama tena. Mkoba wangu ulikuwa umekwisha kushushwa.

"Hapana, hapana. Naanzia Saadani kabisa, halafu narudi huku."

"Saadani hakuna mananasi," mzee wa wadudu alisema taratibu. "Saadani kuna chumvi na kamba."

Hakuna aliyenisemesha tena. Wale waliobaki walisogeza mizigo yao karibu na miguu. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimesogeza mizigo karibu na miguu, nilikaa pale nikijua ladha yake kutoka upande wa pili, na sikuipenda. Yule wa kofia aliruka chini gari lilipopunguza mwendo mwanzoni mwa kijiji, akapotea kati ya nyumba. Nikashukuru Mungu, nikihesabu hilo moja limekwisha.

Saadani

Niliulizia kwa Bi Tatu nikaonyeshwa nyumba ya bati jipya upande wa chanja za kukaushia samaki. Nje amekaa mwanamke mrefu mkavu, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa, anachambua kamba kwenye ungo. Pembeni yake majirani wawili. Nyuma yake, amesimama na kofia yake ya kijani, yule mwanaume.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mananasi?"

Kumbe jamaa ni Shomari, mtoto wa mwisho wa Bi Tatu, na hakuwa Mandera kwa bahati. Mama yake alipopata salamu kwamba kuna mtu anakuja, alimtuma akamkague huyo mtu njiani kabla hajafika. Nataka mliandike hili: nilishuku kwamba ananifuata, na alikuwa ananifuata kweli.

"Mimi ni Hawa," nikasema. "Mtoto wa Mwanaidi wa Bagamoyo. Ulininyonyesha."

"Siku hizi kila mtu ni mtoto wa mtu," Bi Tatu alijibu, mikono haijaacha kamba. "Alikuja mmoja hapa akasema ni mjukuu wa kaka yangu. Mimi sina kaka. Alikuwa anatafuta viwanja."

Nikamwambia nampigia Mama simu wazungumze.

"Sauti? Hata wale matapeli wa 'ile hela tuma kwa namba hii' wana sauti."

Hapo nilianza kumpenda, lakini nilikuwa na hofu. Asiponitambua hakuna radhi, na bila radhi yake Mama haniruhusu, na Mama akisema hapana mimi siondoki. Wale watoto nilikuwa nimekwisha kuwaona kichwani, nimekwisha kuwapangia nyimbo. Nikaona dawa ni zawadi. Nikatoa ile karatasi, nikaikabidhi kwa mikono miwili.

"Zawadi kabla ya ombi," akawaambia majirani. "Mh." Lakini akaifungua. Akaikunjua doti yote mapajani, akashusha miwani, na akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu:

"Shukrani za punda ni mateke."

Jirani mmoja akajifunika mdomo kwa mtandio. Nilisoma na mimi, maneno yakiwa yamenigeukia juu chini, na ndiyo yaliyoandikwa, kwa herufi kubwa, mara mbili, kipande cha kwanza na cha pili.

Bi Tatu akaikunja vizuri. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si kama nilivyotegemea. "Basi sasa naamini," akasema. "Huyu ni mtoto wa Mwanaidi. Hakuna mwingine duniani wa kunitumia hii." Akanitazama. "Karibu mwanangu, umefika kwenu, utakula na utalala. Radhi sina."

"Mama, sikuisoma! Wallahi niliinunua bila kusoma."

Majirani waliangua kicheko. Mwanamke wa pwani, mwalimu, anunue khanga asisome jina? Na Shomari akamalizia, bila ubaya, anasema ukweli wake tu: "Mama, huyu pia alisema ni bibi shamba. Mpaka dawa ametoa."

Nilikuwa nimedanganya pikapu zima wakaamini. Sasa nasema kweli na hakuna hata mmoja anayeniamini. Na hapo, nimesimama jua kali, ndipo nilipoelewa macho ya Mama Nasrin. Mteja anayeficha khanga ni ya nani, anayekataa kuchaguliwa jina, huyo anakwenda kupigana. Alidhani nampelekea mke mwenzangu. Akanipa ile ambayo haijawahi kumwangusha mtu.

Mvua

Asubuhi nilitaka kuondoka, gari hakuna. Njia ilikuwa imekatika, na ilibaki imekatika. Bi Tatu alitoka chumbani amevaa khanga yake ya njano, akapita mbele yangu taratibu, akageuka, akarudi, ili nisome nyuma na mbele: "Nimekuelewa usijisumbue." Kisha akaniuliza kwa upole kama nataka chai na vitumbua.

Hicho ndicho kilichonitisha. Alinilisha. Wali wa nazi, kamba wa kukaanga, samaki wa kupaka, ndizi mbivu za nazi, na kila nikiacha kidogo ananiongeza. Mtu hakutaki, hakuachii radhi, lakini anakuchagulia mnofu? Nilikula nusu nusu nikimtazama. Na yeye alikula akinitazama. Shomari alisema siku moja, akifungua mlango, kwamba nyumba imekuwa kama kituo cha polisi chenye maafande wawili na hakuna mhalifu.

Wazee wa pwani husema mtoto hunyonya maziwa na tabia. Jirani wa mtandio aliliweka wazi: "Bi Tatu, huyu wako. Tazama anavyonusa kikombe." Bi Tatu akajibu kwamba kunusa kikombe si dhambi, vikombe vingine vinanuka.

Sikuweza kukaa bure, nikajiunga kuchambua kamba. Palikuwa na mjukuu wake, Mwanaisha, mtoto anayetembea kwa kuyumba, na kila akiniona alipiga kelele kama ameona nyoka. Jamaa walijitahidi kumzoesha. Walimsukuma kwangu, walimwambia mpe shangazi mkono, na akazidi kulia. Nikawaomba wamwache. Nikageuka, nikampa mgongo kabisa, nikaendelea na ungo wangu huku nikiimba kwa sauti ndogo wimbo wa chekechea, simtazami hata kidogo. Muda ulipita. Nikasikia miguu. Nikasikia pumzi. Halafu mzigo mdogo wa joto ukaegemea mgongo wangu, ukatulia.

Nilipoinua macho Bi Tatu alikuwa ameacha kuchambua.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kumgeukia ukuta."

"Hakuna. Ndivyo ninavyofanya shuleni. Mtoto mwenye hofu ukimtazama unamwongezea. Nimegundua mwenyewe."

"Umegundua mwenyewe," akasema. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Alinieleza akiangalia ungo. Alikuwa amezika. Mtoto wake wa kike, hajatimiza hata arobaini yake. Maziwa yamejaa kifuani yanauma, hayana mwenyewe, na ndipo baba yangu alipotokea mlangoni na mimi nimefungwa kwenye shuka, mtoto wa miezi kadhaa, nimedhoofu kwa kukataa uji. Watu wakamwambia chukua, ni thawabu.

"Sikutaka thawabu," Bi Tatu alisema. "Nilimtaka wangu. Nikakuwekea ziwa kwa hasira. Ukakataa. Ukanikodolea macho, mtoto mdogo vile, unanitazama kama hakimu! Nikasema, na huyu naye ananichagua? Nikakugeuzia uso, nikaangalia ukuta, nikawa nalia na wangu. Ndipo ukanyonya."

Mwanaisha alikuwa bado mgongoni kwangu. Sikuthubutu kusogea.

"Nikigeuka, unaacha. Nikiangalia ukuta, unanyonya. Siku nyingi hivyo. Ukuta ule naujua kila ufa. Mpaka siku moja nikasahau, nikakutazama, na wewe hukuacha." Akatikisa ungo. "Mwanzo sikukutaka. Mwisho sikutaka kukutoa. Mama yako alipopona akaja kukuchukua, nikakuficha kwa jirani nikasema umepelekwa Pangani. Ukalia, akakusikia. Aliniita mwizi mbele za watu, na haki yake. Lakini alikuchukua akaondoka, na ahsante hakusema. Mpaka juzi, ulipokuja na punda wako."

Rafiki zangu, mimi nimesifiwa kwa ule mgongo. Wazazi wa Mapinga wameniletea watoto waliowashinda, na nikawatuliza, na nikapokea sifa, na ndiyo elimu niliyokuwa nakwenda nayo Ngazija kama yangu. Kumbe ni ya mwanamke aliyefiwa, aliyeangalia ukuta. Niliona uchungu na niliona shukrani, vyote kwa pamoja, na shukrani ilikuwa nzito zaidi kwa sababu sikuwa na pa kuiweka. Kuna mtu nilimshuku kabla sijajua kusema, naye alikuwa na kila sababu ya kuniacha, na hakuniacha. Na mimi nilikuwa natembea kifua mbele nikisubiri watoto waje kunishukuru.

Nikamwambia ahsante. Ilitoka vibaya, kama kikohozi.

"Hiyo ni yako au ya mama yako?"

"Yangu. Ya Mama nitamwambia aje aiseme mwenyewe."

"Magoti yake yatamruhusu?"

Sikujua nani alimwambia habari za magoti, na sikuuliza. Lakini radhi hakunipa. Alirudi kwenye kamba wake, na jioni alinipakulia wali kama kawaida, na nilipomtazama aliangalia kwingine. Nililala nikiwa na hakika kwamba ameniambia yote yale ili nijue ninachonyimwa.

Kuondoka

Njia ilipofunguka pikapu lilipiga honi mapema. Shomari alibeba mkoba wangu. Bi Tatu alikuja nyuma na ndoo ya kamba wakavu, akaniwekea miguuni. Mkono wangu ukanyanyua kifuniko wenyewe, kutazama ndani, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka.

"Tazama mpaka chini," akasema. "Na mimi ningetazama."

Dereva alikuwa anaharakisha. Nikashuka tena, nikapiga magoti kwenye mchanga mbele ya abiria wote, maana sikuona njia nyingine. "Mama, naomba radhi yako. Ukininyima sitakulaumu."

Akaniwekea kiganja utosini. Alisoma dua kwa muda mrefu, akanipulizia, na mkono hakuuondoa. "Nimekuachia," akasema. "Ziwa, na usingizi, na kelele zako zote. Uende salama." Kisha akainama, mdomo karibu na sikio langu, ili abiria wasisikie. "Na wewe niachie."

"Nikuachie nini, mama?"

"Ule ukuta."

Nilikuwa nimeshuku tangu nikiwa mchanga kwamba mwanamke huyu hakunitaka, na ilikuwa kweli, na ameibeba kweli hiyo peke yake miaka yote ile, na sasa anaomba kuitua.

"Nimekuachia," nikasema. "Nimekuachia, mama."

Akaninyanyua. Akanipangusa mchanga magotini kwa ncha ya khanga, kwa nguvu, kama unavyompangusa mtoto anayekwenda shule. "Hao watoto watakukataa. Hilo lisikutishe, unajua la kufanya. Wakishakukubali ndipo uogope. Utakaa nao muda gani?"

"Miezi michache."

"Basi waambie tangu siku ya kwanza kwamba utaondoka. Hata wasiojua kusema, waambie. Mimi nilijua utaondoka, nikajifanya sijui."

Shomari alinisukuma juu, gari likang'oa nanga, na nililia mpaka Mkange, mbele ya watu nisiowajua hata mmoja.